Begi la Catherine na Mgongo wa Mjomba

Jumatano, 8 Januari

Vita vimeanza, na si mimi niliyevianzisha. Jumatatu Catherine, binti wa dada yangu Janeth, anaingia darasa la kwanza. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba si mtu wa kuletewa taarifa mwishoni. Nimefika kwao Mwembesongo jioni, nikakuta shemeji Jastin ameshanunua begi bila kuniuliza. Begi la kubebea mahindi. Mtoto akilivaa linampiga nyuma ya magoti. Nimemuuliza Jastin kama binti anakwenda shule au anahama. Akajibu, kwa utulivu unaoudhi, kwamba atalikulia. Hiyo ndiyo falsafa yetu yote. Viatu atavikulia, sare ataikulia, na uti wa mgongo nao ukae ukisubiri.

Mimi nimesoma. Begi lisishuke chini ya kiuno. Lisiwe pana kuliko mgongo. Mikanda miwili minene, vitu vizito vikae karibu na mgongo, na uzito wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. Nimewasomea haya yote wakiwa wanakula. Janeth akaweka kijiko chini akakata shauri: ambaye begi lake litamkaa Catherine vizuri ndiye atakayempeleka shule siku ya kwanza. Mwingine abaki nyumbani, anyamaze.

Sitabaki nyumbani. Jastin anamwona Catherine kila asubuhi. Mimi sina mtoto. Siku ya namna hii kwangu haiji mara mbili.

Ijumaa, 10 Januari

Dukani kwa mzee Chandulal, pamoja na Catherine. Mzee ananifahamu. Akauliza leo nimekuja kununua au kuhutubia. Nikamwambia vyote viwili. Nikampima Catherine mabega kwa utepe, nikayageuza mabegi yote ndani nje, nikawaeleza wateja hatari iliyo mbele ya taifa. Wawili wakaondoka. Ndipo Chandulal akapanda ngazi, akashusha kabegi ka bluu. Kamemkaa Catherine kama kamezaliwa naye. Akaruka nako mpaka mlangoni na kurudi.

"Bwana Severini," Chandulal akasema, "chukua hili, nenda, usiliguse tena."

Nimelichukua. Nyumbani nikaligusa. Mgongoni ni laini mno. Mtoto anahitaji msimamo.

Jumamosi, 11 Januari

Fundi seremala amenikatia ubao wa mninga. Nimeushindilia mgongoni mwa begi, ndani. Kwa kuwa mimi si mtu wa kupeleka mtoto vitani na silaha isiyojaribiwa, nikalijaza vitabu, nikalivaa, nikapanda njia ya mlimani kutokea Bigwa. Mikanda ya mtoto ikaniingia kwapani. Kabla ya kona ya pili nilikuwa nimepinda kama mundu.

Mama mmoja alikuwa anashuka na tenga la kabichi kichwani. Shingo imenyooka, mikono mitupu, anapiga soga na mwenzake aliye nyuma. Akanipisha. "Shikamoo, mzee. Pole na mzigo." Mama yule ni wa rika langu, kama hajanizidi. Nikaitikia marahaba kwa sababu sikuwa na pumzi ya kubishana.

Lakini nikaona. Kabichi tenga zima, na mgongo kama mnara wa kanisa! Basi kosa si la begi. Kosa ni kuupa mgongo kazi ya kichwa. Nimerudi nyumbani nikasokota ngata kwa kanga ya zamani, ile pete ya kuwekea mzigo kichwani, saizi ya Catherine. Jastin hana habari.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya misa, maonyesho. Mama yangu ameshuka kutoka Matombo na ndizi zake, akazipika mwenyewe, sufuria ikawekwa katikati ya mkeka. Nikamwita Catherine. Ngata kichwani, begi juu ya ngata. Akatembea kutoka mlangoni kama malkia. Jastin alisimama. Nimemfahamu miaka mingi, sijawahi kumwona ananisimamia kwa heshima.

Ndipo Catherine akamwona bibi yake. Kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri, akamsogelea, akapiga goti, akainamisha kichwa, akatoa shikamoo.

Begi likatangulia na ubao wake, likatua ndani ya sufuria. Mama akaitikia marahaba huku anajifuta mchuzi, akauliza kama siku hizi mjini watoto wanafundishwa kusalimia wakubwa kwa kuwarushia vitu.

Janeth hakunitazama. Akachomoa ubao, akaosha begi, akalianika juani, kisha akamvisha Catherine mgongoni kama lilivyotoka dukani. Limemkaa. Mama amesema hivyo, hata Jastin amekiri. Nimeshinda!

"Haya shemeji, kesho mpeleke wewe," Jastin akasema. "Ila usiongeze kitu."

Wivu.

Jumatatu, 13 Januari

Sikuongeza kitu. Vitabu si vitu. Kamusi moja, atlasi moja, na nakala za makala yangu kuhusu migongo ya taifa, ziwafae walimu. Hatujafika mbali Catherine akakaa chini ghafla katikati ya njia, akasema, mjomba, begi linanivuta. Nikalibeba mimi, kwa bega moja, jambo ninalolipinga kwa maandishi. Upande huohuo ndoo na fagio vilivyoagizwa na shule. Mkono wa pili alikuwa ameushika Catherine. Aliushika njia nzima. Mwembesongo yote ilituona.

Getini Mwalimu Jesca akanitazama nilivyolala upande, akauliza kwa upole kama mzee naye amekuja kuandikishwa. Catherine akawahi kujibu kwamba huyu ni mjomba wake, na wameanza wote leo.

Nikainama kuweka ndoo chini. Kiuno kikalia. Sikunyooka tena. Jastin alikuja kunichukua kwa pikipiki na hakusema neno lolote, ukatili ambao sitausahau.

Alhamisi, 16 Januari

Kifudifudi mkekani kwa Janeth. Jastin ananichua kwa mafuta na anafurahia kupita kiasi. Catherine akitoka shule anavua viatu na kunikanyaga mgongo, kama sisi tulivyowakanyaga babu zetu. Anapanda na kushuka huku ananipa habari za darasani. Leo amesema akikaa kwenye dawati miguu yake inaning'inia, na akiandika kidevu kinagusa daftari.

Janeth akakohoa kwa nguvu. Jastin akaificha kalamu yangu. Wamechelewa, ninaandika kwa penseli ya Catherine. Muda wote huu tunayalaumu mabegi, kumbe adui ni dawati. Nimeshampigia fundi simu na kumpa vipimo vya dawati jipya. Atumie mbao nene, halafu kesho kutwa linakuwa tayari. Jastin amejitolea kukodi guta la kulipeleka shuleni. Nimekataa. Dawati la mtoto wa darasa la kwanza lina uzito gani? Nitalibeba mwenyewe, mgongoni.