Malalamiko Dhidi ya Ndege Waliokataa Kupokelewa kwa Ngoma

Lubumbashi, Jimbo la Shaba
Tarehe 16 Oktoba 1974

Kwa Mwananchi Mkurugenzi wa Idara ya Mapokezi ya Wageni

Mwananchi Mkurugenzi,

Kwa heshima inayostahili cheo chako, mimi Numbi Mwape, mwenye shahada ya elimu ya wanyama, niliye bado katika kazi ya majaribio, naleta mbele yako malalamiko dhidi ya ndege wa ule msitu mnene ulio kando ya njia ya Sakania. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tumehimizwa kurudia uhalisi wetu, na pia ili mkuu wangu, Mwananchi Mutale, asipate taabu ya kuniuliza maana ya kila mstari.

Jumapili iliyopita niliwaongoza wageni kutoka Ulaya waliokuja kutazama ndege. Walirudi hotelini wakiwa wametazama majani. Mwananchi Mutale amependekeza nisithibitishwe kazini, kwani kiongozi asiyeonyesha ndege ni hasara kwa taifa, na uamuzi utatolewa wiki hii. Sasa, kwa kuwa mkuu hawezi kukosea, na mimi nilifuata amri zake zote, wakosaji waliobaki ni ndege peke yao. Makosa yao ni haya:

1. Walikataa kupokelewa. Mimi nilikuwa nimependekeza tuingie msituni alfajiri, watu wachache, kimya. Mwananchi Mutale akanielimisha kwamba wageni wa taifa hawaingizwi mahali kama wezi. Akaleta akina mama wa kikundi cha ngoma cha Kampemba, pamoja na kipaza sauti. Wakajipanga chini ya miti, wakaimba sifa za Chama mpaka umande ukadondoka kutoka kwenye majani. Nilipomwomba kiongozi wao, Mama Bwalya, apunguze sauti kidogo, alinitazama kwa huruma: “We mutoto ya université! Ndege gani iko naogopa wimbo ya Chama? Labda ile iko na kitu ya kuficha.” Mwenzake akadakia: “Na yeye mwenyewe haimbe, mumuangalie!” Nikaanza kuimba papo hapo, tena sauti ya kwanza.

2. Nduba, yule ndege mwenye mabawa mekundu ambaye wageni walisafiri bara zima kwa ajili yake, alipita juu ya vichwa vyetu wakati wa wimbo wa taifa. Kila mtu alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. Mimi kiongozi sikuweza kuinua kidole. Wageni, kwa adabu yao, hawakuinua darubini. Wimbo ulipokwisha, nduba alikwisha kuvuka mto. Ndege mwenye malezi mema angetua tawini akasimama kama wengine.

3. Kunguru mmoja alibaki nasi, naye kwa ajili ya mikate. Mgongo mweusi, kifua cheupe: kwa mbali ungeapa amevaa koti na shati la Kizungu, vazi ambalo sisi wananchi wema tumekwisha kulivua. Alipita mbele ya Mwananchi Mutale bila haya. “Andika jina yake,” mkuu akaniamuru. Nikaandika: Kunguru. “Na jina ya pili?” Hapo ndipo nilipoona jinsi elimu yangu ya chuo kikuu ilivyo na mapengo.

4. Na tukiwa katika mambo ya majina: katika kitabu cha wageni, ndege wetu wengi wanaitwa kwa majina ya wapelelezi na mapadri wa zamani. Mimi niliyebatizwa Rigobert nililala Rigobert nikaamka Mwape, wala sikulalamika. Hawa wanaendelea kuruka mchana kweupe na majina ya ukoloni.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kama kila mwananchi alivyo mwanachama tangu tumboni mwa mama yake, ndege nao waandikishwe tangu yaini. Waje kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa pamoja, wafagie angalau chini ya viota vyao. Atakayekosa mapokezi apunguzwe mabawa. Na ikiwa hata hivyo watajificha, ikatwe miti yenyewe, kwani ndiyo inayowahifadhi. Msitu ukiisha, wageni wataona mbali, na Mama Bwalya atapata uwanja mpana wa kuchezea.

Kama hayo yote ni mazito, basi liko ombi moja jepesi: uniruhusu niwapeleke wageni wengine mwenyewe, bila ngoma, siku moja tu, ndipo nihukumiwe.

Umsalimie Mama wa nyumbani kwako na watoto, Mwananchi Mwansa anayepiga chapa barua zako, na dereva Kalaba, ambaye alilala garini katikati ya ngoma zile, jambo ambalo sayansi haijalieleza.

Nabaki chini ya amri yako, macho juu mitini,

Numbi Mwape

Nyongeza. Nilikuwa nikitafuta bahasha Mwananchi Mutale alipoingia mbio akitokea uwanja wa ndege wa Luano kuwasindikiza wageni. “Numbi, Bazungu banafurahi sana! Banasema ndege iko mingi kwabo, lakini Mama Bwalya haiko!” Mwakani watarudi wengi zaidi, bila darubini. Kwa furaha hiyo amenithibitisha kazini tangu leo, kiongozi mkuu wa safari za ndege. Tafadhali futa namba zote nne. Ndege hawana kosa lolote, wala hawahitajiki tena. Ila kile kipaza sauti kilikuwa dhaifu. Naomba kikubwa zaidi.