Sikio la Pili la Mwalimu Rispa

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu Rispa ametugawia shairi lake. Kikundi chetu cha ushairi hapa Rongo kitalifafanua Jumamosi, na atakayefafanua vizuri ataketi naye jukwaani kwenye tamasha la Homa Bay. Lazima niwe mimi! Mtu wa kuuza mbolea na chakula cha kuku nilijiunga na ushairi kwa nini? Kwa sababu ya Rispa, basi.

Shairi ni fupi, Mungu ambariki:

Sikio moja lina lulu,
la pili limejificha gizani.
Nani ataniambia lina nini?

Chini ameandika kwamba limetokana na mchoro maarufu. Frankline, mwalimu wa historia, akatikisa kichwa kama anayejua. Hajui kitu. Vijana wote wa stendi wakisema mchoro, wanamaanisha mpango wa siri. Rispa ana mpango!

Jumanne, 13 Mei

Nimelifumbua! Rispa amepoteza hereni. Atakayemletea ya pili ndiye wake. Angesema wazi, lakini ni mwanamke wa heshima zake. Kwa furaha nimemuuzia Kemuma mbolea badala ya chakula cha kuku. Amerudi na maneno makali. Nimemsamehe.

Alhamisi, 15 Mei

Dukani kwa Mulki, nikaomba hereni moja ya lulu. Akauliza kama mke wangu ana sikio moja. Nikamwambia sina mke. Akasema hashangai. "Gisiri ndugu yangu, hereni zinauzwa mbili mbili. Chukua zote ama wacha zote." Nimechukua zote.

Nimemwona Frankline maktabani, amekodolea macho picha ya msichana mzungu aliyefunga kilemba kwenye simu. Mwenzangu anapoteza muda na wasichana! Nimemhurumia kidogo.

Jumamosi, 17 Mei

Aibu. Aibu tupu!

Nilisimama wa kwanza. Nikasema shairi hili halihitaji maneno, nikapiga goti, nikamkabidhi Rispa hereni moja. Halafu Frankline akainua simu: yule yule mzungu wa kilemba! Kumbe mchoro ni picha iliyochorwa kwa rangi, ya Uholanzi, ya kale sana. Msichana amegeuza kichwa, sikio moja lina lulu, la pili halionekani. Hakuna aliyepoteza chochote. Ukumbi ukaangua kicheko, Frankline akapewa kiti cha Homa Bay.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Rispa alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akaivaa ile hereni, moja, mbele ya watu wote. Akasema ni mara ya kwanza mtu kuliletea shairi lake mapambo. Akaenda nayo nyumbani. Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 19 Mei

Rispa amepita dukani. Anasema jukwaani kimebaki kiti kimoja, na ameniachia shairi jipya nijaribu tena. Mimi! Nimelisoma mara moja tu, limenitosha:

Mtu yuko darajani, mikono mashavuni,
yowe lake limejaa anga.

Limetokana na mchoro mwingine maarufu, ameandika. Mpango mwingine, na mapema hivi! Mulki amenisihi nimuulize Rispa kwanza ni picha gani. Mulki ni mfanyabiashara, ushairi hauelewi.

Nimefunga duka mapema. Kesho asubuhi, Rispa akivuka Mto Kuja kwenda shuleni, atanikuta darajani, mikono mashavuni. Sauti nayo iko tayari. Majirani wameshakuja mara mbili kuuliza kama nimeibiwa.