Mpishi wa Sukari Nguru Aliyeukamata Moto Wangu wa Plazma

Marafiki, leo aibu imenikuta Awendo, na nimerudi nayo Homa Bay nimeipakata kama mtoto.

Wengi wenu mnajua ninachosomea (maana nimewachosha nacho). Kuna moto unaoitwa plazma. Unapitisha umeme mkali kwenye gesi mpaka gesi yenyewe inawaka kwa joto la maelfu ya nyuzi. Ukiunyunyizia maji machafu, uchafu unavunjikavunjika. Moto wenyewe sina. Nina hesabu zake kwenye kompyuta, zinazoonyesha moto huo ungefanya nini kama ungekuwepo.

Leo nilizipeleka kwa Mzee Okelo, mwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru nje ya mji. Maji anayooshea mitambo yananuka, na yanateremkia kijito ambacho majirani hunyweshea ng'ombe. Nilitaka anikubalie nijenge mtambo wangu wa majaribio uani kwake. Akikataa, masomo yangu yanabaki picha tu. Hata Profesa anayenisimamia alikuja kusikiliza. Nikavaa viatu vya visigino virefu. (Kwenye kiwanda cha sukari nguru. Viatu virefu!)

Nikawasha projekta, picha ikaonekana ukutani, wafanyakazi wakajaa. Nikaanza kwa mbwembwe.

"Hivi vitone vya buluu ndio maji machafu. Yanaingia motoni hapa. Tazameni! Yanatoka kule safi kabisa!"

Makofi. Mzee Okelo akaanza kutafuta kalamu mfukoni. Jamani, hiyo kalamu niliiona kwa macho yangu!

Ndipo Min Atieno akainua mkono. Huyu mama ndiye mpishi mkuu. Amechemsha maji ya miwa kwenye yale makarai makubwa tangu kabla sijaanza shule.

"Nyathina, mtoto wangu, rudisha hiyo picha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Hapo. Umemwaga maji kwa moto. Mbona moto haijashtuka?"

Nikatabasamu lile tabasamu la wasomi (Mungu anisamehe). "Mama, huu si moto wa kuni. Huu ni moto wa kisasa."

"Sawa. Na hayo maji pia ni ya kisasa?"

Watu wakaangua kicheko. Akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye karai lililokuwa linatokota, povu hadi ukingoni. Akachota mkebe mmoja wa maji baridi ya miwa, akamimina. Karai likanyamaza. Kimya!

"Umeona? Maji lazima ikule moto kwanza ndio iende juu na moshi. Yako imekula nini?"

Nikamgeukia Profesa aniokoe. Profesa alikuwa amevua miwani.

"Achieng," akasema polepole, "hebu tufungulie hesabu zenyewe."

Nikafungua. Ukutani, kwa herufi kubwa za kusomeka hadi barabarani. Nikashuka mstari kwa mstari mpaka mahali ambapo maji, yakigeuka mvuke, hupunguza joto la moto. Mstari huo ulikuwa umezimwa! Juu yake palikuwa na maandishi yangu mwenyewe, na Mzee Okelo akayasoma kwa sauti yake ya mzee wa kanisa:

"ACHIENG, UMEZIMA HII KWA MUDA TU KWA SABABU PROGRAMU INAKWAMA. USISAHAU KUIRUDISHA!!!"

Nilikuwa nimeyaandika mwaka jana. Muda wote huo moto wangu ulikuwa unachemsha maji bure, bila kupoteza joto hata kidogo, nami natembea kifua mbele.

Nikaurudisha mstari. Tukanywa chai huku kompyuta ikipiga hesabu upya. Picha mpya ilipotokea, moto ulisinyaa pale pale, na vitone vikatoka upande wa pili vichafu vilevile, vimepata joto kidogo tu. Jamaa mmoja alicheka mpaka akalazimika kuketi. Kalamu ya Mzee Okelo ilikuwa imesharudi mfukoni. Nilitamani nitumbukie kwenye karai.

Min Atieno peke yake ndiye hakucheka. Aliusogelea ukuta, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Shida ni maji mingi," akasema. "Si uchemshe kwanza na joto ya hapa kwetu, ile inapotelea kwa bomba ya moshi? Ikibaki nzito, ndio upatie huo moto yako ya bei."

Nikapunguza maji kwenye hesabu kama alivyosema, tukajaribu tena. Moto ukasimama imara. Vitone vikatoka safi, safari hii kwa haki. Profesa akapiga makofi, na mimi machozi yakanilenga. Nimekaa madarasani miaka mingi na sijawahi kuona mtu akiisoma kazi ya mwenzake namna ile, kwa macho tu. Yule mama ni fundi. Namvulia kofia, na hata hizo shahada nazivua.

Mzee Okelo akanitazama. "Nimekubali. Lakini kabla ujenge kitu hapa, utapika na Min Atieno mwezi moja."

Nikamtazama Profesa. Akasema sharti hilo ni zuri kuliko yote aliyowahi kunipa yeye (msaliti!).

Basi mtambo utajengwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi naripoti kwa msimamizi wangu mpya. Ameniagiza nije na leso ya kujifunga, na kompyuta niiache Homa Bay mpaka yeye aseme nimeiva.