Beseni la Leba na Kibao cha Shule

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya mama mkwe, na wazazi wa shule nzima wakiwa mashahidi.

Nawaandikia ninyi niliosoma nanyi seminari kwa sababu ninyi ndio chanzo. Mliniita Mlatini mpaka nikaamini. (Miaka miwili na nusu tu, halafu nikafukuzwa kwa kusinzia kwenye misa. Msijifanye mmesahau.) Niko intaneti kafe hapa mjini Dodoma, nina nusu saa. Kwa nini nusu saa, mtajua.

Siku yenyewe imeanza vizuri. Alfajiri mke wangu Matilda kaamka na uchungu, uzazi wa kwanza. Pikapu ya jirani ikampeleka hospitali pamoja na mama yake, aliyekuja juzi kwa treni kutoka Gulwe. Mimi nikabaki kusubiri duka la dawa lifunguliwe, maana kilipungua kitu kimoja: glavu. Mnajua hospitali za siku hizi, mzazi anakwenda na vyake. Wembe, uzi, pamba, glavu, khanga. Usipokuwa navyo, nesi anakutazama tu. Vyetu vilikuwa kwenye beseni la buluu, likabaki nami likisubiri glavu.

Sasa, kwetu Ugogoni mama mkwe hatazamwi usoni, na yeye hasemi nami ana kwa ana. Kwa hiyo kabla ya kupanda pikapu aliuambia ukuta wa nyumba:

"Beseni liwahi."

Nami nikaujibu ukuta: "Litawahi, mama."

Saa mbili glavu ninazo, beseni nimelifunga nyuma ya baiskeli, naelekea mjini. Njia inapita shuleni kwetu Mkonze, moja ya hizi shule za binafsi zinazoota kama uyoga. Mimi hapo nafundisha Kiswahili. Nje nikakuta wazazi wamezunguka kibao kipya cha bati. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Lameki, akanipungia fimbo.

"Mwalimu! Mungu kakuleta. Njoo utetee neno lako."

Neno langu! Wiki iliyopita niliwaambia kwamba shule yenye heshima huandika Kilatini kwenye kibao. Nikawapa LABOR. Neno moja tu, rangi ni ghali. Leo mzazi mmoja kagoma. Hataki wanawe wasome chini ya neno asilolijua.

Nikasema dakika tano. (Uzazi wa kwanza huchelewa. Aliyeniambia hivyo nikimpata!)

Nikashuka, beseni nikaliweka miguuni, nikaanza. "Labor, wazazi wangu, ni kazi. Si kazi ya kukaa kivulini, ni kazi yenye taabu na jasho. Maabara, Wazungu wanaita laboratori, ni mtoto wa neno hilohilo. Vijana wakiimba wawili wanasema wamepiga kolabo. Wamefanya kazi pamoja!"

Makofi. Kichwa kikavimba.

"Na lebo ya kwenye chupa nayo?" akauliza yule mgomvi.

"Hapana, mzee. Lebo ni ukoo mwingine, wanafanana sura tu. Lakini leba, kule wanakojifungulia akina mama, ni humohumo."

(Ndiyo. Nimelisema kwa mdomo wangu, beseni likiwa miguuni.) Kuna labor nyingine ya Kilatini, maana yake ni "nateleza". Hiyo nikaimeza.

Wazazi wakaridhika. Ningeondoka hapo, ningekuwa mtu. Lakini mchora mabango, fundi Shabani wa Kizota, akanishika mkono. Babu zake waliingia hapa na misafara kutoka Unyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu.

"Mtani, maneno yako matamu, lakini mstari wangu umepinda. Huna uzi?"

Uzi ninao. Kipande tu. Penseli yake butu, nikatoa wembe. Rangi ikamchuruzika kwenye A, nikatoa pamba. Kila kimoja nikajiambia nitanunua kingine nikifika mjini. Kisha akatazama viganja vyake kwa huzuni.

"Leo Ijumaa, mtani. Rangi hii ya mafuta ikinishika, udhu wangu haushiki."

Ningemnyimaje mtu swala? Nikampa glavu.

Tulikuwa kwenye O pikapu ya jirani iliposimama. Akashuka mama mkwe. Nikageukia kibao upesi, kama adabu inavyotaka. Naye akanipa mgongo.

"Mbukwenyi," akawaamkia watu. "Mwenyekiti, yupo hapa mwalimu mmoja?"

Niko hatua mbili kutoka kwake.

"Yupo, mama."

"Mwambie mkewe amejifungua. Mtoto wa kike. Wazima wote."

Mzee Lameki akanigeukia, akarudia neno kwa neno. Vigelegele! Nikataka kuruka.

"Mwambie pia kazalishwa kwa vitu vya mama wa kitanda cha pili. Mwambie nimefuata beseni."

Mzee Lameki akarudia na hilo, kwa sauti kubwa zaidi. Nikaliinua beseni. Ndani mlikuwa na khanga moja, nayo ina doa la rangi.

"Muulize glavu ziko wapi."

Haikuwa lazima kuuliza. Fundi Shabani alikuwa ameinua mikono yote miwili kama aliyekamatwa, glavu nyekundu mpaka kwenye vifundo. Ungedhani yeye ndiye mkunga.

"Mtani," akanong'ona, "mimi usinitaje."

Yule mzazi mgomvi alicheka mpaka akakaa chini.

Hospitali nimefika nyuma ya pikapu, nimekumbatia baiskeli. Matilda hakunigombeza. Alinishika kidole tu akasema, "Nilikuwa naangalia mlango." Hapo ndipo nimeona aibu ya kweli, ile isiyo na kicheko.

Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, uso dirishani.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "mwambie baba yako mama wa kitanda cha pili uchungu umeanza, na vitu vyake tumevitumia. Mwambie asipitie shuleni."

Mtoto hajamaliza hata siku moja duniani, tayari anatumwa kunikaripia.

Basi ndiyo maana niko hapa. Wembe, uzi na pamba nimeshanunua, na beseni liko kati ya miguu yangu. Duka la dawa la jirani wamefuata glavu stoo, wakasema nisubiri nusu saa. Sasa hivi naona mwenye duka ananiita mlangoni, zimefika.

Dada wa kafe naye kachungulia beseni, anauliza kama naweza kumgawia pamba kidogo asafishie mausi. Nimemwambia hapana. Na ameniuliza nafundisha somo gani, nimemwambia hesabu.