Kisima Kitakatifu cha Nyuma ya Jikoni

Dunia nzima inaarifiwa, isipokuwa waumini wa kanisa letu la huku ughaibuni, Inver Grove Heights, kwamba Kamati ya Heshima ya Nyasi, ambayo mimi Nkatha ni mjumbe wake wa vijana, imepata ushindi mkubwa. Uzio hautajengwa. Kamati ndiyo iliyotaka kuujenga, lakini ushindi ni ushindi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Muriuki, aliona kwamba kijia kinachokatiza uwanja wa kanisa kinazidhalilisha nyasi. Kijia hicho kilichongwa na miguu ya Mama Pascasie, anayehudumia wazee na ambaye hupita hapo kwenda kupanda basi. Kikifungwa kwa uzio, wakati wa baridi angezunguka kando ya barabara kuu, juu ya barafu, na mguu wake mbovu. Mwenyekiti alimshauri anunue gari.

“Banafunga njia yangu sababu ya majani?” Mama Pascasie aliniuliza kwa Kiswahili cha kwao.

Nikafanya utafiti. Jirani yetu Lois, ambaye bibi yake alizaliwa Ayalandi, alinieleza kwamba kijijini kwao njia ya zamani haizibwi, hasa ikielekea kisima kitakatifu. Mgonjwa hukizunguka kisima akifuata jua, hufunga kitambaa mtini, na kitambaa kikioza, maradhi huondoka nacho. Niliiripotia kamati haya yote kwa uaminifu. Nilibadilisha mahali tu.

Kisima tulikuwa nacho. Bomba la jiko la kanisa lilikuwa linavuja nyuma ya ukuta, penye mti, na Mwenyekiti alikwisha kutangaza kwamba halivuji. Kwa hiyo maji yale hayakuwa na chanzo kinachojulikana.

Nikafunga kitambaa cha kwanza. Baada ya wiki, mti ulikuwa umevaa kuliko kwaya. Mwenyekiti alikemea ushirikina, kisha akaonekana akikizunguka kisima kwa ajili ya ukaguzi, akifuata jua. Jumapili iliyofuata alishuhudia madhabahuni kwamba goti lake limepona na kijia kisiguswe. Mama Pascasie aliitikia amina, akawahi basi.

Jana Mwenyekiti aliniita mtini. Alikuwa amekuja kufunga tai yake ya pili, akakigeuza kitambaa cha kwanza. Katika shule ya bweni niliyosoma kabla ya kuja huku, kila nguo hushonwa jina, hata soksi. Kitambaa kile kilikuwa ukosi wa pajama yangu ya shule, na jina lilisomeka vizuri: NKATHA, BWENI LA TATU.

“Hii ni nini?”

“Ni mimi, mzee. Kisima ni lile bomba lisilovuja. Mengine niliyapanga kwa ajili ya Mama Pascasie.”

Alikunja mguu, akaunyoosha.

“Na goti?”

“Goti ulilishuhudia mwenyewe, mzee. Mbele ya kanisa zima.”

Akatazama huku na huku, akalinyofoa jina langu, akalitia mfukoni. Kisha akaifunga tai.