Siku Nane za Kumzalisha Kambare

Jumatatu, 14 Julai

Mama Lewis ametoa onyo. Kama kufikia Jumapili sitakuwa na vifaranga wa samaki, kidimbwi kinafukiwa na hapo panapandwa sukuma wiki. Alisema hayo akiwa ameshika jembe! Eti miaka miwili nimelisha kambare wawili, jike na dume, kama wageni wa harusi, na hawajazaa hata mkia. Hajui sayansi, mke wangu. Jike ana mayai tele. Hayatoki tu. Hapa Subukia kidimbwini hakuna mto wa kufurika umwambie kwamba wakati umefika, kwa hivyo homoni yake iko chini. Dawa ni sindano. Nimeipata Nakuru, kichupa kidogo na karatasi ya maelekezo.

Jirani yangu Wamalwa amezalisha samaki tangu akiwa Bungoma. Akajitolea kunisaidia. Nikakataa kwa heshima. Watu wote hununua vifaranga kwake, sasa nimpe na sifa ya samaki wangu? Thubutu!

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi, mazoezi ya sindano. Nikajidunga kidole gumba. Mbio hadi zahanati. Nesi Cherono alinipima presha, kisha akauliza kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kama nimeshaanza kutaga. Mzee wa kanisa alikuwa kwenye foleni!

Saa kumi na mbili jioni, sindano yenyewe. Kambare ni utelezi mtupu. Mama Lewis alimshika jike kichwa kwa taulo, nikamdunga mgongoni, dawa yote ikaingia. Tukamweka kwenye pipa la maji. Alinitazama vibaya.

Jumatano, 16 Julai

Karatasi inasema masaa kumi na moja baada ya sindano, umkamue jike tumbo mayai yatoke. Alfajiri nikaanza na dume. Dume wa kambare hakamuliki, lazima umchinje ndipo utoe mbegu. Nilimwomba msamaha kwanza. Mbegu nikaziweka kwenye sahani dirishani, nikamkamua jike. Hakuna kitu. Nikakamua tena. Hata yai moja! Kugeuka, paka analamba sahani.

Nikakaa juu ya ndoo nikalia. Hii ni shajara yangu, nitasema ukweli. Mama Lewis hakunicheka. Aliniletea chai, akasimama hapo mpaka nikaimaliza.

Saa tatu Wamalwa huyo, ameitwa na mke wangu. Msaliti! Akatia mkono majini, akauliza karatasi hiyo iliandikiwa samaki wa wapi. Kwenye maji ya joto ni masaa kumi na moja, akasema, lakini kwa baridi hii ya Julai ni kama ishirini na moja. Jike hakuwa na shida yoyote. Ni mimi niliyekuwa na haraka.

Akaenda kwake, akarudi na ndoo. Ndani, dume wake. Wa pekee aliyebaki naye, kama wangu! Nikamwambia hapana, hilo siwezi kukubali. Akasema tusipoteze wakati.

Saa tisa mchana tulimgusa jike tumbo tu, mayai yakamwagika. Tukayakoroga na mbegu za dume wake kwa unyoya wa kuku, polepole, kisha tukaongeza maji. Mikono ya Wamalwa ni mitulivu ajabu. Nilimwonea wivu hata hapo.

Jumamosi, 19 Julai

Wameanguliwa! Hawahesabiki, wembamba kama uzi, wanatetemeka kwenye beseni. Mama Lewis alichuchumaa akawatazama robo saa nzima. Kisha akaniita kwa jina langu, Jamleck. Tangu Lewis azaliwe sijawahi kusikia hivyo. Sukuma wiki itapandwa nyuma ya choo.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nilitoa ushuhuda. Nilieleza subira yangu na masaa yangu ishirini na moja. Wamalwa sikumtaja, muda ulikuwa mfupi. Yeye ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi.

Baada ya ibada Truphosa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akaniuliza kama naweza kumzalisha jike wao. Mkubwa kuliko wangu! Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo.

Jumatatu, 21 Julai

Jike wa kikundi ameletwa kwa wilbaro. Jioni saa kumi na mbili nimemdunga, safi kabisa, kidole salama. Nimepima baridi ya maji. Nimehesabu masaa: kesho saa tisa mchana. Paka nimemfungia stoo. Unyoya upo, sahani ipo. Nimetoka kwenda kidimbwini na wavu kumchukua dume.

Dume yupi?

Wangu nilimchinja Jumatano alfajiri. Wa Wamalwa tulimchinja Jumatano mchana. Hapa kijijini hakuna mwingine. Na Truphosa amenipigia simu sasa hivi: akina mama wote thelathini watakuja kutazama, na watabeba keki.

Wamalwa amepita langoni. Ameniona nimesimama na wavu mtupu, akauliza kama kuna shida. Nimemwambia hakuna shida yoyote, aje kesho aone kazi inavyofanywa.