Mukaba wa Benchi, Kashikishi

Inatangazwa kwa watu wote wa kando ya ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge mpaka Kashikishi, pamoja na wale wanaovuka kutoka Congo na samaki: mwaka huu wa 1998, mutoto hataanguka tena kwenye kiti. Komiti ya Viti na Watoto imekataza.

Mimi ni musemaji wa Komiti. Nina habari zote, hata zile ambazo sikuulizwa.

Sheria iko wazi. Kila kiti na kila benchi liwe na mukaba wa kumufungia mutoto. Lisilo na mukaba linakamatwa. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi tulienda kulinda watoto kwa Mama Emilienne, anayeuza bukari, yaani ugali, na samaki karibu na bandari. Tukakamata viti vyake vyote tukavifungia bironi, ofisini kwetu, likabaki benchi moja tu mulangoni, tulikuwa bado kulibeba. Ni kweli pale hapakuwa na mutoto hata mmoja. Hapo ndipo uone hatari ilivyokuwa imejificha.

"Ba Cheyamani, Bénie wangu anaolewa leo!" akalia Mama Emilienne. "Bakwe bako mu boti, banatoka Pweto. Batakaa wapi? Pa kichwa yangu?"

"Wasimame," akasema Cheyamani Ngosa, mwenyekiti wa Komiti. "Mutu aliyesimama haanguki kwenye kiti."

"Mukwe asimame? Papa, hata salamu hawatapokea! Banageuza boti, banarudia na bwana-arusi wao!"

Watu wakaanza kujaa, na mimi nikafurahi, maana tangazo bila watu ni kelele tu. Kalaba, muvuvi, akaja na kamba ya mashua yake. "Tunatia mukaba, maneno inaisha."

"Mukaba lazima ujaribiwe na mutoto," akasema Cheyamani.

Kusikia vile, kila mama akabeba wake akapotea. Basi Komiti ikafanya mukutano palepale, na kwa kauli moja ikamupandisha Cheyamani cheo: yeye ni mutoto mpaka jaribio liishe.

Kalaba akamufunga kwenye lile benchi kwa fundo la kufungia mashua upepo ukichafuka. Ukilivuta, linakaza. Cheyamani akavuta. Likakaza. Akavuta tena, safari hii kwa mamlaka.

"Inatosha," akasema kwa sauti nyembamba. "Kateni."

Kalaba akachomoa kisu. Nikamuzuia, kazi ni kazi. Kifungu cha tisa kinasema mukaba wa mutoto unafunguliwa na muzazi wake tu, na mwenye kuukata anaenda jela. Cheyamani alikiandika mwenyewe, tukapiga makofi.

"Mimi ni mutu muzima!"

"Bado, ba Cheyamani. Jaribio halijaisha."

Muzazi wake, mama yake, anakaa kisiwani Kilwa, humuhumu ziwani. Tukatuma boti. Wauza samaki wakapita mumoja mumoja kumuangalia. "Huyu mutoto wa nani? Mbona ana ndevu?"

Boti ikarudi na bibi mufupi mwenye kitenge cha kanisa. Nyuma yake, boti ya bakwe ilikuwa inakaribia.

"Mayo, nifungue!" akaita Cheyamani.

"Nimekunjika mu boti tangu Kilwa, mugongo inaniuma. Kwanza nipate pa kukaa. Viti viko wapi?"

Watu wote wakamuonyesha mutoto wake. Bibi akauliza, akaelezwa, nami nikaongeza kidogo. Akasogea, akaingiza mukono katika mufuko wa suruali ya Cheyamani, akatoa ufunguo wa biro akamupa Mama Emilienne.

Bakwe walipokanyaga muchanga, viti vilikuwa vimepangwa. Wakakaa. Wakapokea salamu. Bénie akaolewa, na bukari ikashuka mezani.

"Mayo," akasema Cheyamani, "na mimi?"

Bibi alikuwa amekaa katikati ya bakwe, anachagua kichwa cha samaki.

"Tulia. Bakubwa banakula kwanza."

Komiti inafurahi kutangaza kwamba jaribio limefaulu. Mpaka jua linazama, mutoto alikuwa hajaanguka.